Rimu Pana kwenye Gari Kuukuu la Spoti: Kwa Nini Upana Uamuliwe Mwisho

Tangu mbio za Safari Rally ziliporejea katika mashindano ya dunia mwaka 2021 na Naivasha kugeuka kivutio cha wapenzi wa magari kila mwaka, mazungumzo kuhusu magari ya spoti ya zamani yamepata wasemaji wapya jijini Nairobi. Aliyerithi Datsun ya babu yake, au aliyenunua Mazda MX-5, Toyota MR2 au Subaru Impreza ya miaka ya tisini, huanza na swali moja: niweke tairi la upana gani? Majibu anayopewa hayapatani. Muuza rimu wa Ngong Road humwambia kwamba kadiri tairi linavyokuwa pana ndivyo gari linavyoshika barabara. Fundi wa Kirinyaga Road humwonya kwamba upana unaua beringi. Rafiki humwambia aweke inchi 17 au asijisumbue. Kila mmoja ana chembe ya ukweli, lakini chembe hizo zikichanganywa bila mpangilio huzaa gari linalosugua fenda, linalonyang'anya dereva usukani kila linapokanyaga shimo, na lenye mwendo mzito kuliko liliokuwa nao kabla ya fedha kutumika.

Makala haya yanashikilia kwamba upana ni jambo la kuamuliwa mwisho. Yanayotangulia ni kipenyo cha gurudumu zima, mahali gurudumu linapokaa chini ya fenda, uzito wa rimu, na tairi lenyewe lilitengenezwa lini na kwa mpira wa aina gani. Ili kufika huko, yabidi kwanza nambari zisomeke.

Kusoma ubavu wa tairi

Tuchukue MX-5 ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989. Ubavuni mwa tairi lake la kiwandani pameandikwa 185/60R14. Nambari ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, lakini haitajwi kwa milimita bali kwa asilimia ya upana: asilimia 60 ya 185, yaani milimita 111. Herufi R yaeleza namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Inchi 14 ni sawa na milimita 355.6, ukiongeza ubavu wa juu na wa chini, gurudumu zima lina kipenyo cha takriban milimita 578.

Hapo ndipo wengi huteleza. Hudhani 60 ni kipimo kisichobadilika, ilhali kinategemea nambari iliyokitangulia. Tairi la 205/60 lina ubavu mrefu kuliko la 185/60, ingawa yote mawili yameandikwa 60. Kwa hiyo anayeongeza upana hulazimika kupunguza asilimia ili kipenyo kibaki karibu na kile cha awali. MX-5 ikivishwa 195/50R15, kipenyo ni milimita 576, karibu sawa kabisa. Ikivishwa 205/50R15, ni milimita 586, ongezeko la asilimia moja na nusu, ambalo gari hulivumilia. Ikivishwa 205/40R17, inafika milimita 596, zaidi ya asilimia 3. Asilimia hizo huonekana kwenye mshale wa mwendo: gurudumu kubwa husafiri mbali zaidi katika kila mzunguko, kwa hiyo mshale ukionyesha 100, gari huwa limekwisha kupita 100.

Magari ya zamani zaidi huleta mkanganyiko mwingine, kwa sababu tairi zao hazitaji asilimia yoyote. Datsun 240Z, modeli iliyoshinda Safari mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, katika umbo lake la barabarani iliuzwa na tairi lililoandikwa 175HR14. Pasipotajwa asilimia, ichukuliwe kuwa takriban 82. Kwa hiyo kipenyo cha gurudumu hilo ni kama milimita 643, na anayelivisha 205/60R15 kwa kuwa tu ameliona kwenye gari la jirani hulipunguza kwa zaidi ya milimita 15. Tairi la 205/65R15, ambalo wauzaji wengi huliona kuwa la magari ya familia, ndilo linalokaribia kipimo cha awali.

Itafaa pia kutazama nambari na herufi inayofuata, kama vile 82H. Nambari 82 yamaanisha kwamba tairi moja linaweza kubeba kilo 475, na H kwamba limeidhinishwa kwa mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa. Tairi jipya lisiwe chini ya lile la kiwandani kwa yoyote kati ya hayo mawili.

Nyuma ya rimu

Tairi likishaeleweka, rimu ndiyo yenye maneno mengi. Ukiigeuza rimu iliyotumika na kupangusa vumbi la breki, kwa kawaida utakuta maandishi yaliyochorwa ndani yake au nyuma ya mikono yake, mfano 15x7 4-100 +35. Inchi 15 ni kipenyo, 7 ni upana. Maandishi 4-100 yaeleza kwamba kuna matundu manne ya boluti, yaliyopangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 100. Mpangilio huo ndio mafundi wa Nairobi huuita PCD. Datsun 240Z ni 4-114.3. Impreza za miaka ya tisini ni 5-100, ilhali magari mengi makubwa zaidi ya Kijapani ni 5-114.3. Magari kadhaa ya Kijerumani hutumia 5-112, na tofauti ya milimita 2.3 kati yake na 114.3 imewashawishi baadhi ya mafundi kulazimisha nati ziingie. Huingia kweli, lakini zikiwa zimekaa upande, na nati iliyokaa upande hulegea.

Nambari ya mwisho, ile yenye alama ya kujumlisha, ndiyo inayoharibu fedha nyingi kuliko zote. Inaitwa ofseti, na ni umbali wa milimita kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso unaokutana na habu, yaani kitovu cha gari ambacho gurudumu hufungwa. Ofseti ikiwa kubwa, uso huo uko karibu na nje, kwa hiyo sehemu kubwa ya gurudumu huingia ndani kuelekea springi na shoki. Ikipungua, gurudumu husogea nje kuelekea ukingo wa fenda. Ofseti sifuri maana yake uso wa habu uko katikati kabisa.

Rimu nyingi za kiwandani za MX-5 hiyo ni 14x5.5 zenye ofseti ya +45. Tuseme mwenye gari amepewa rimu za 15x7 zenye ofseti ileile ya +45. Ongezeko la upana ni inchi moja na nusu, yaani milimita 38, na kwa kuwa ofseti haikubadilika, ongezeko hilo hugawanyika sawasawa: milimita 19 ndani na 19 nje. Akipewa 15x7 yenye +35, gurudumu lote husogea nje milimita 10 zaidi, hivyo ukingo wa nje unatoka kwa milimita 29 na wa ndani unaingia kwa milimita 9 tu. Na akishawishiwa achukue 15x7 yenye ofseti sifuri kwa sababu inavutia pichani, ukingo wa nje unatoka kwa milimita 64. Rimu hizo tatu zinaitwa kwa jina moja dukani, zina upana mmoja, na huenda zikawa na bei moja. Ya kwanza na ya pili zaweza kukaa. Ya tatu itaipasua fenda au kulazimisha ikatwe.

Rimu isiyo na maandishi hupimwa kwa ubao ulionyooka na rula. Ilaze kifudifudi, pitisha ubao juu ya ukingo wake wa nyuma, kisha pima kutoka kwenye ubao hadi kwenye uso unaokutana na habu. Pima pia upana wote kutoka ukingo hadi ukingo, ugawe kwa mbili, halafu uutoe kwenye kipimo cha kwanza. Jibu ndilo ofseti. Muuzaji anayekasirishwa na zoezi hilo la dakika mbili ameshakupa sababu ya kwenda duka linalofuata.

Madhara ya ofseti hayaishii kwenye fenda. Mhandisi aliyebuni gari alipanga mahali hasa ambapo mhimili wa kugeuzia gurudumu, ukirefushwa hadi ardhini, utakutana na sehemu ya tairi inayokanyaga barabara. Gurudumu likisogezwa nje mno, sehemu hizo mbili huachana, na kila shimo au breki ya upande mmoja hupata mkono mrefu wa kuvuta usukani. Gari kuukuu lisilo na msaada wa kugeuza usukani huhisi jambo hili mara mbili: mwendoni na wakati wa kuegesha. Beringi nazo hubeba mzigo kwa pembe ambayo hazikukusudiwa, na kwa hiyo yule fundi wa Kirinyaga Road hakukosea kabisa. Alichokosea ni kuulaumu upana badala ya ofseti. Spesa, yaani bamba linalowekwa kati ya habu na rimu, hufanya jambo lilelile: milimita 20 za spesa ni sawa na kupunguza ofseti kwa 20.

Je, tairi pana linashika zaidi?

Imani iliyoenea ni kwamba tairi pana huweka mpira mwingi zaidi barabarani. Hesabu inasema vingine. Sehemu ya tairi inayogusa lami inabeba uzito wa gari kwa nguvu ya upepo uliomo ndani, kwa hiyo ukubwa wake hutegemea zaidi uzito na presha kuliko upana. MX-5 yenye dereva ina takriban tani moja; kila gurudumu hubeba kama kilo 250, na kwa presha ya kiwandani ya psi 26 (pauni 26 kwa kila inchi mraba), eneo linalogusa ni kama sentimita mraba 130 hadi 140. Ukiweka tairi pana zaidi kwa presha ileile, eneo hilo halibadiliki sana, linabadilika umbo. Ni kama donge la unga wa chapati: waweza kulisukuma liwe refu na jembamba au fupi na pana, lakini unga ni uleule.

Hata hivyo umbo lina maana. Eneo fupi na pana hulisaidia tairi kupokea nguvu za kona kabla ya kuanza kuteleza, na ubavu mfupi haukunjiki sana, kwa hiyo gari hujibu usukani haraka. Joto nalo husambaa kwenye mpira mwingi zaidi, jambo linalohesabika kwa anayekimbia mizunguko kadhaa mfululizo lakini lisilo na uzito kwa anayetoka Westlands kwenda Karen jioni. Kinachoshinda yote hayo ni mchanganyiko wa mpira. Tairi jipya la 185 lenye mpira mzuri litalishinda tairi la 225 lililokauka, na litalishinda kwa mbali.

Maneno haya yangeweza kuwa ya kinadharia kama soko letu lisingekuwa na tairi nyingi zilizokwisha kutumika ng'ambo. Nyingi huonekana nzuri, mifereji yake ikiwa mirefu, kumbe mpira umekaa miaka mingi na kuwa mgumu. Tafuta maandishi ya DOT ubavuni na usome tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata pasipo kukanyaga barabara. Sioni sababu yoyote ya kununua rimu za bei kubwa kisha kuzivisha tairi la miaka kumi, lakini huonekana kila mara kwenye maegesho ya mikutano ya magari, rimu ziking'aa na tairi zikiwa na nyufa.

Mvua za masika hutoa hukumu nyingine. Maji yanapojikusanya Mombasa Road au Thika Road, tairi hulazimika kuyasukuma kando ili lifike kwenye lami. Tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma, na gari jepesi lina uzito mdogo wa kulisaidia. Kwa hiyo huanza kuelea juu ya maji kwa mwendo mdogo kuliko lile jembamba. Kadiri mifereji inavyolika ndivyo hatari inavyokaribia, na tairi pana lililokaribia kuwa kipara ni mchanganyiko mbaya mno kwenye gari ambalo halikuzaliwa na mfumo wa breki za kuzuia magurudumu kujifunga.

Kuna pia mifereji iliyochimbwa na malori kwenye njia ya kushoto. Tairi pana lenye ubavu mfupi hupenda kuifuata, likielekea upande wake lenyewe, na dereva hujikuta akirekebisha usukani kila mara katika barabara iliyonyooka.

Yale ambayo Nairobi inayaongeza

Jiji hili liko takriban mita 1,700 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100, kwa hiyo MX-5 ya lita 1.6 yenye takriban nguvu farasi 115 pwani hubaki na chini ya 100 hapa. Gari lililokwisha kunyang'anywa kiasi hicho haliwezi kupuuza uzito wa magurudumu. Rimu ya kiwandani ya gari hilo ni nyepesi, kilo tano na kitu. Rimu za bei nafuu za inchi 16 au 17, za aloi iliyomiminwa kwenye kalibu, hufika kilo 8, 9 au zaidi. Uzito huo haubebwi na springi, na zaidi ya hapo huzunguka, kwa hiyo injini hulazimika kuuanzishia mwendo na breki kuuzuia. Ukijumlisha kipenyo kilichoongezeka, ambacho hufanya gia zote ziwe ndefu kidogo, ndipo gari "lililoboreshwa" linapoomba gia ya pili kwenye mwinuko ambao zamani lilipanda kwa gia ya tatu.

Mashimo na matuta hayahitaji maelezo marefu. Ubavu wa 185/60 ni milimita 111. Wa 205/50 ni 102. Wa 205/40 ni 82 tu. Kila milimita iliyopotea ni mto uliopotea kati ya shimo na rimu. Kwa barabara za mitaani hapa, ningeishia kwenye inchi 15 kwa magari yaliyokuja na 14, na 16 kwa yale yaliyokuja na 15. Rimu ya kuigiza isiyo na chapa ya kuaminika hupasuka mahali ambapo nyingine ingepinda tu. Alama ya JWL, inayotumika kwa rimu za aloi za Japani, ni mahali pa kuanzia, ingawa nayo huigizwa.

Mizani ya mbele na nyuma

Wapo wanaoongeza upana nyuma pekee kwa sababu gari husukumwa na magurudumu ya nyuma. Matokeo yake mara nyingi ni gari linalokataa kukata kona, kwa kuwa mbele ndiko kunakoishiwa mshiko kwanza. MR2 ya miaka ya tisini, yenye injini ya katikati, ni kisa cha kinyume: ilitoka kiwandani na tairi pana zaidi nyuma, na anayeweka upana mmoja pande zote huondoa kinga iliyowekwa dhidi ya mkia kuchomoka. Impreza inayoendeshwa kwa magurudumu manne haitaki tofauti ya kipenyo hata kidogo kati ya mbele na nyuma, wala kati ya tairi jipya na lililolika, kwa sababu difa ya katikati, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, hubaki ikisuluhisha tofauti hiyo safari nzima. Kubadilisha tairi mbili tu kwa ajili ya kubana matumizi hugharimu zaidi hapo.

Siku ya kufunga

Kabla ya tairi kuvalishwa, thibitisha kwamba upana wa rimu unaruhusiwa kwa tairi hilo. Tairi la 205/50R15 huidhinishwa kwa rimu za inchi 5.5 hadi 7.5; kulivuta kwenye rimu ya inchi 9 ili ubavu ulale huweka ukingo wa rimu mbele ya kila jiwe. Angalia pia tundu la katikati. La MX-5 ni milimita 54.1 na la Impreza ni 56.1, ilhali rimu nyingi za dukani huchongwa 73.1 ili zienee magari mengi. Nafasi inayobaki huzibwa kwa ringi maalumu, la sivyo usukani hutetemeka na mafundi huanza kubalansi kitu ambacho hakina kosa. Nati nazo hazifanani: Toyota na Mazda hutumia uzi wa milimita 12 kwa 1.5 (kipenyo, kisha umbali kati ya mzingo mmoja wa uzi na unaofuata), Nissan na Subaru 12 kwa 1.25, na kitako chaweza kuwa cha mchongoko, cha mviringo au bapa. Kitako cha nati sharti kifanane na cha rimu.

Gurudumu moja la mbele likifungwa, gari liwe kwenye jeki na usukani ugeuzwe kutoka mwisho hadi mwisho. Kisha lishushwe, wakae watu wawili, ligeuzwe tena taratibu uwanjani, na ubavu wa tairi uwe umepakwa chaki: mahali ilipofutika ndipo panaposugua. Nati zikazwe kwa spana ya kipimo, si kwa mashine ya upepo pekee, na zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Alaimenti, yaani kurekebisha pembe za magurudumu, ifuate, kwa kuwa tairi pana huonyesha haraka pembe mbaya kwa kulika ukingo wa ndani, ambao hauonekani kwa mtu aliyesimama kando ya gari.

Kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi kuhusu badiliko hilo kabla ya gari kurudi barabarani, kwa kuwa badiliko lisilotajwa laweza kutumiwa kukataa fidia. Rimu za awali na nati zake zihifadhiwe mahali pakavu: rimu za kiwandani za magari haya zinazidi kuadimika, na kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse gari kuukuu huhukumiwa pia kwa hali yake ya asili.